Kirikou na robine ya Mama Neema

Kikundi: FAMILIA YA BUKAVU 🌿
Jumapili, jioni

Mama Neema: Jamani, nani aliwapa watoto ile fulashi? Natoka misa ya pili, nakuta wote saba mbele ya televizyo wanaangalia wanawake vifua wazi. Siku ya Mungu!

Espoir: Ni mimi, Tantine. Ni Kirikou tu, ile filamu ya katuni ya mtoto mdogo sana na Karaba mchawi.

Tantine Furaha: 😂😂 Mama Neema, weye si ndiye ulikuwa unalia usiku juu ya Karaba? Tulilala kitanda kimoja, nakumbuka vizuri.

Mama Neema: Furaha, usinitoe kwa mambo yangu.

Espoir: Lakini Tantine, ile ya vifua ilisumbua tangu filamu inatengenezwa. Michel Ocelot, mwenye kuitengeneza, ni Mfaransa, ila utoto wake aliupitisha Conakry, kule Guinea. Aliwachora watu vile aliwaona. Wenye pesa wakamwambia awafunike wale wanawake, akakataa kabisa. Ikatoka 1998 vile vile, na 1999 ikapata tuzo kubwa ya Annecy, lile tamasha la katuni kule Ufaransa.

Tantine Furaha: Wangevaa sidiria kijijini wangenunua wapi, soko la Kadutu?

Papa Neema: 😂

Papa Neema: Mie kitu kilinishangaza ni ile Kifaransa yao. Si ya Paris.

Espoir: Sauti walizirekodi Dakar, Papa. Karaba ni Awa Sène Sarr, mama wa Senegal. Muziki ni wa Youssou N'Dour, mwimbaji wa Senegal pia, na Ocelot alimwomba atumie vyombo vya asili tu: kora, balafoni, ngoma.

Amani: Koko, mzee wetu, yuko hapa karibu, anasema niandike: "Na kuchora je, walichorea Dakar pia?"

Espoir: Hapana Koko, sehemu kubwa ilichorwa Latvia na Hungaria.

Amani: Koko anacheka. Anasema watu wa baridi namna ile wamejulia wapi jua.

Espoir: Na yale majani makubwa makubwa, Ocelot aliyatoa kwa michoro ya Henri Rousseau, mchoraji wa zamani aliyechora misitu ya joto bila kutoka Ufaransa.

Amani: Koko anasema basi hata yeye anaweza kuchora Paris. Anasema tena, mtoto kuongea akiwa tumboni kama Kirikou si kitu kipya, watoto wa hadithi za jioni kwa moto walikuwa wajanja hivyo. Kitu anachopenda ni jibu la mama: mtoto anayeongea tumboni ajizae mwenyewe. Anasema hiyo ni mama wa kwetu kabisa, hana muda.

Mama Neema: Sawa, muko wengi. Sasa sikieni mulichonifanyia. Niko jikoni nasonga bugali, nasikia kok-kok-kok inje. Naenda kuona. Neema amepiga magoti kwenye robine, ile bomba ya maji, tochi ya simu YANGU mkononi, jicho moja kwenye mdomo wa robine, na kijiti cha fagio anakisukuma ndani.

Tantine Furaha: Mungu wangu 😂

Mama Neema: Namwuliza unafanya nini? Ananiambia, "Mama, nyama iliyokunywa maji iko humu, niko naitoboa."

Espoir: 😂😂😂 Ile mnyama ya kwenye chemchemi ya kijiji cha Kirikou! Iliingia ndogo, ikakunywa mpaka ikanenepa, ikashindwa kutoka.

Papa Neema: Siku ya tisa leo robine imekauka. Bora yeye ametafuta, mie nililipa fakture tu.

Tantine Furaha: Na vifua je, aliuliza?

Mama Neema: Hakuna mtoto aliuliza. Wote saba ni maji tu, maji. Hata yule wa Nguba ambaye kwao yanatoka.

Amani: Koko anauliza kama kijiti kilitoka.

Mama Neema: Nusu.

*Saa 4:52 usiku*

Mama Neema: MAJI YANATOKA 🙏🙏 Kidogo kidogo, lakini yanatoka. Msimwambie Neema, hatalala.

Papa Neema: Amesikia. Yuko inje na sufuria.

Mama Neema: Furaha, ile bidoni yangu ya njano yenye kifuniko chekundu iko kwako tangu mwezi uliopita. Mtume mtu sasa hivi.