Omaha Beach kwa siku moja kutoka Paris, bila gari

Wakuu, nina begi la mgongoni na siku moja tu. Nifikeje ufuo wa Omaha, Normandy?

— Panda treni ya alfajiri kituo cha Saint-Lazare, ushuke Bayeux, safari ya kama saa mbili na ushei. Hapo hadi Colleville-sur-Mer, kijiji kilicho kwenye ufuo wa Omaha, ni kilomita 17 hivi. Mabasi ni machache, hasa Jumapili. Ukikosa la kurudi, treni nayo imekupita. Bora ukodi baiskeli.

— Angalia kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa. Juni 6, 1944, katika Vita Kuu ya Pili, wanajeshi wa Marekani walitua hapo maji yamekupwa ili waone vizuizi vya Wajerumani. Yakijaa, huoni kabisa upana wa mchanga waliouvuka chini ya risasi. Makaburi ya wanajeshi wa Marekani hapo Colleville, zaidi ya 9,300, hayana kiingilio.