Wimbo wa kuchangia waathirika wa mafuriko: kiitikio kinanikwaza, na pesa sijui zipitie wapi

Mtunzi wa Usiku: Habari za wakati huu wakuu. Nina wimbo wa taratibu, kinanda na sauti tu, nimeuandika kuchangia waliokumbwa na mafuriko. Beti zimekaa sawa. Shida ni kiitikio: "Maji yatapungua, jua litarudi, tutacheka tena." Kila nikikiimba nahisi namnyamazisha mtu aliyefiwa. Halafu wasanii sita wamekubali kuimba bure, ila wawili tayari wanagombania mstari wa mwisho. Na mapato yatawafikiaje walengwa? Naombeni ushauri, studio ni baada ya wiki mbili.

Kinanda Cheusi: Hongera kwa moyo huo. "Tutacheka tena" kitoe leo leo. Sikiliza Hana wa Saku, wimbo wa Kijapani uliotungwa baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Aliyeandika maneno yake, Shunji Iwai, ni mzaliwa wa Sendai, mji uliopigwa. Humo hamna wimbi wala vifusi. Kuna njia yenye theluji, mji ambao mtu anaukumbuka, na maua yatakayochanua. Matumaini yanamfikia msikilizaji bila kusukumwa. Na usikimbilie kupandisha ki (kimo cha sauti za wimbo mzima) mwishoni. Acha kinanda peke yake baa nne (vipande vinne vifupi vya mapigo), kisha sauti ziingie moja moja.

Sauti ya Pili: Hapo kwenye ki napingana nawe mkuu. Wimbo wa kuchangia unatakiwa ushikike, mtu akisikia mara mbili awe anauimba. Ukiwa mpole mno utapita bila kuacha kitu.

Fundi Mitambo: Mistari igawe wewe, kabla hawajafika. Usiku wa 28 Januari 1985, waliporekodi We Are the World, wimbo wa kuchangia wenye njaa Afrika, mtayarishaji wake Quincy Jones alibandika karatasi ya kuwataka wasanii waache majivuno mlangoni. Tuma demo (rekodi ya majaribio) yenye jina la mwimbaji kwenye kila mstari. Mstari wa mwisho waimbe wote sita, ugomvi utakufa wenyewe.

Mtunza Hesabu: Nije kwenye pesa, maana hapa ndipo wenye nia njema huumia. Tamasha la kuchangia Bangladesh la 1 Agosti 1971, la wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar, viingilio vyake vilifika UNICEF. Ila fedha nyingi za albamu na filamu zilikwama miaka kadhaa kwenye mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa kuwa waandaaji hawakuomba msamaha wa kodi mapema. Kwa hiyo tafuta kwanza shirika lililosajiliwa na linalofanya kazi huko kwenye mafuriko, muandikishane. Haki ya utunzi ni yako, ya rekodi huenda ni ya studio. Zote mbili ziingie kwenye mkataba. Wasanii nao wasaini, hata kama wanaimba bure. Halafu mirabaha ya mitandaoni huchelewa miezi, na mwenye njaa hangoji. Weka njia ya kuchangia moja kwa moja chini ya video, wimbo uwe mwito tu.

Nyumba ya Juu: Mimi nilikuwa ndani ya maji. Jua lilirudi kesho yake, na ndilo lililotuonyesha matope yamefika usawa wa dirisha. Kwa hiyo jua halinifariji. Ninachokumbuka ni sufuria nililookota mlangoni, halikuwa letu, mpini mmoja umeng'oka. Tulilipikia familia nne siku tano. Mwenyewe alipokuja kulichukua, alikaa akala na sisi. Kama unataka matumaini, mimi niliyaona hapo.

Mtunzi wa Usiku: Dada/kaka, nimesoma mara tatu. Shirika nimeanza kuulizia asubuhi hii, na mistari nimeigawa. Kiitikio nimekiandika upya, ukiridhia:

*Sufuria hili si langu,*
*moto huu ni wetu sote.*
*Njoo, sogea, kaa,*
*hatujamaliza kupakua.*

Nyumba ya Juu: Ni dada. Nimeridhia. Hicho hata mama yangu ataimba.