Mjadala: Muziki wa James Bond ni wa aliyeutunga au wa aliyeupanga?

Mzee wa Sinema
Wakuu, naleta hoja inayowagawa wapenzi wa sinema za kijasusi tangu enzi za santuri. Muziki wa James Bond, uliosikika kwa mara ya kwanza kwenye Dr. No mwaka 1962, umeandikwa jina la Monty Norman. Aliyeupanga kwa bendi ni John Barry, akalipwa pauni 250 na hadithi ikaishia hapo. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Times likaandika kwamba mwenye kazi hasa ni Barry. Norman akalishtaki kwa kumkashifu. Barry akaja mahakamani kutoa ushahidi upande wa gazeti, lakini Machi 2001 jopo la Mahakama Kuu ya London likampa Norman ushindi na fidia ya pauni 30,000.

Kisheria limekwisha. Wote wawili sasa ni marehemu, Barry tangu 2011 na Norman tangu 2022. Swali langu si la kisheria: kitu kinachoufanya muziki huu usichuje kimetoka kwa nani? Karibuni, hoja kwa hoja, ushabiki tuuache nje.

Mwanakwaya
Mimi ni upande wa Norman. Wimbo ni melodia, mengine ni mavazi. Na melodia hii historia yake inajulikana: Norman alikuwa ameitunga kwa ajili ya tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya V. S. Naipaul, A House for Mr Biswas, kuhusu Wahindi wa Trinidad. Tamthilia haikufika jukwaani. Ulikuwa wimbo wa mtu anayelalamikia chafya ya mkosi aliyozaliwa nayo, wenye ladha ya sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi. Norman akautoa kwenye sitari akaupeleka kwenye gitaa.

Uandike kwa sol-fa uone ulivyo mwepesi:

la ti ti ti ti la la la
la do do do do ti ti ti

Noti tatu tu, la, ti na do, zinazopakana. Mtoto wa darasa la pili anaushika kwa kusikia mara moja. Ndiyo maana umedumu. Ukimwambia mtu barabarani "niimbie muziki wa Bond", ataanza na hapo. Hakuna anayeimba mpangilio.

Nyuzi Sita
Mwanakwaya, sol-fa yako ni sahihi ila umeacha kitu ambacho ndicho roho yake, mwendo. Kosa la wengi ni kupiga zile ti nne sawasawa kama saa ya ukutani. Hesabu pigo nne: la ya kwanza nusu pigo, ti mbili za haraka robo pigo kila moja, ti ya tatu nusu, ti ya nne pigo zima, halafu la tatu za nusu nusu. Jumlisha, unapata nne kamili. Ile ti ya nne usipoishikilia, jasusi anageuka karani anayewahi daladala.

Kosa la pili ni mahali pa kuupiga. Upo kwenye ngazi ya E mina, yaani la ni E, unapigwa chini kabisa kwenye uzi mnene wa sita: wazi, freti ya 2, freti ya 3 (freti ni vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa). Sisi tuliozoea solo za dansi zinazolia juu mkono unakimbilia nyuzi nyembamba. Noti zitakuwa zilezile lakini kitisho hakipo.

Na hapo ndipo namtaja mtu wa tatu ambaye mahakama haikumhusu: Vic Flick, mpiga gitaa wa kikosi cha Barry. Tarehe 21 Juni 1962, siku ya kurekodi, alitumia Clifford Essex Paragon De Luxe, gitaa la 1939 lenye tumbo kama la fidla kubwa, likiwa na pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya DeArmond na amplifaya ya Fender Vibrolux. Chini ya pikapu alipachika pakiti ya sigara iliyobonyezwa ili isogee karibu na nyuzi. Piki, kile kidonoo cha mkononi, inapigwa kwa nguvu. Sauti ya amplifaya ikawa inavuja kwenye maikrofoni za bendi nzima chumbani, na ule mvujo ndio unaoifanya isikike kana kwamba inatokea nyuma ya ukuta. Yote hayo hayamo kwenye karatasi ya noti.

Fundi Mitambo
Nakazia hoja ya mvujo. Leo wengi wakitaka kuigiza sauti ile wanarekodi gitaa peke yake, safi kabisa, halafu wanaongeza mwangwi wa kompyuta. Inatoka kavu. Njia rahisi: weka amplifaya ya gitaa chumba kimoja na ngoma na tarumbeta, maikrofoni moja umbali wa shubiri moja kutoka kwenye spika, nyingine katikati ya chumba. Kisha changanya zote mbili, ya karibu ikiwa juu zaidi. Hatari yake ni kwamba mtu akikosea hakuna kukata kipande chake pekee, kwa kuwa yumo kwenye maikrofoni ya kila mtu. Mnarudia wote. Kwa hiyo wapigaji wawe wameiva kabla ya kuwasha mitambo.

Mwanakwaya
Lakini jamani, pakiti ya sigara si utunzi! Tukienda hivyo, kila fundi mitambo atadai mrabaha.

Mzee wa Sinema
Angalau hoja ya kwamba "umedumu kwa sababu ya sinema" tunaweza kuipima. Kuna watu wanasema ungebandikwa kwenye sinema iliyofeli, usingekumbukwa. Tazama mwaka 1983: Never Say Never Again. Sean Connery mwenyewe, Bond wa sinema za mwanzo, amerudi, jina ni Bond, mtunzi ni Michel Legrand, ambaye si mtu wa mchezo. Ila sinema haikutengenezwa na kampuni ya siku zote, kwa hiyo haki za ule muziki hawakuwa nazo. Nani anaimba muziki wa sinema ile leo? Kwa hiyo mhusika hatoshi kuubeba muziki. Ukiitazama unahisi mtu kasahau kuvaa koti.

Kinanda
Mzee, mfano mzuri, nami nakupa wa pili unaojibu swali la mada moja kwa moja: GoldenEye, 1995. Safari hii muziki wa Bond upo, haki zipo, melodia ya Norman ipo. Lakini mtunzi Eric Serra aliufungia kwenye sintesaiza na midundo ya mashine. Kwenye ile mbio ya kifaru cha kijeshi mitaani St. Petersburg watayarishaji wakaona haikai, wakaiondoa kazi yake, wakamwita John Altman aiandike upya kwa okestra kubwa yenye muziki wa Bond wa asili. Melodia ileile! Kilichokosekana ni mpangilio wa Barry: saksafoni tano, ala tisa za shaba, gitaa, besi na ngoma.

Tena, Mwanakwaya, umesema hakuna anayeimba mpangilio. Hebu imba hii: mi, fa, fi, fa. Yaani B, C, C iliyopandishwa, C, zinazopanda na kushuka ndani ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E mina ambayo haitikisiki. Sauti moja ya ndani ndiyo inayotambaa, nyingine zote zimesimama kama walinzi. Watunzi waliofuata wakitaka kukuambia "hapa ni Bond" bila kuupiga muziki wenyewe, hutumia hicho kitambaacho. Adele kwenye Skyfall ya 2012, ule wimbo ulioleta Oscar ya kwanza ya wimbo wa Bond, umejengwa juu ya hatua hizohizo katika C mina. Hakuna la ti ti ti mwanzoni mwake, na bado ukisikia piano sekunde tano unajua uko wapi.

Mwanakwaya
Hapo umenibana kidogo, nakiri. Ila mi fa fi fa peke yake ni ukuta usio na mlango. Kodi za namna hiyo zilikuwepo kwenye jazi kabla ya Bond. Kilichoifanya iwe *ya Bond* ni la ti ti ti kuingia juu.

Kinanda
Na la ti ti ti bila ukuta ni wimbo wa chafya. Uliwekwa kabatini.

Bi. Simbalomu
Mnaongea kama vile ujasusi ni Bond tu. Mtazameni Barry huyohuyo kwenye sinema ya The Ipcress File, 1965. Michael Caine ni jasusi mwenye miwani anayejipikia mwenyewe, kwa hiyo Barry akaacha kelele za tarumbeta akaleta simbalomu. Kwa wasioijua, ichukulie ni ndugu wa kanuni, ile ala ya taarabu: nyuzi nyingi juu ya sanduku la pembe nne. Tofauti ni kwamba kanuni hudonolewa kwa vidole vyenye piki, na simbalomu hugongwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa pamba. Ukitaka kuigiza kwa kanuni utashindwa, kwa sababu mdonoo unaanza kwa ukali na kufa mapema, ilhali pigo la kijiti linaacha ukungu wa sauti juu ya sauti. Ukungu ule ndio Vita Baridi yenyewe. Melodia yake? Watu wachache wanaikumbuka yote. Rangi wanaikumbuka wote. Mimi kura yangu ni kwa Barry.

Mzee wa Sinema
Na Mission: Impossible tuiweke wapi? Lalo Schifrin, kwa kipindi cha televisheni cha 1966, alitunga mwenyewe na kupanga mwenyewe, hakuna kesi.

Nyuzi Sita
Huo ndio unaonifanya nisikubali kabisa kwamba melodia ndiyo kila kitu. Hesabu mpaka 10 haraka, piga kofi kwenye 1, 4, 7 na 9, kisha anza tena bila kupumzika. Mbili ndefu, mbili fupi. Kwa alama za simu ya Morse, mistari miwili na nukta mbili: M na I. Tayari kila mtu kaujua, na hujaimba hata noti moja! Besi yake ndiyo hii: la, la, do, re, la, la, so, so iliyopandishwa, halafu unarudi la.

Hizo hesabu 10 za haraka ni pigo tano, na bendi nyingi hapo hujikwaa kwa kuongeza pigo la sita bila kujua, maana mguu umezoea kugawa kwa mbili. Mpiga ngoma asihesabu tano; ahesabu "ndefu, ndefu, fupi, fupi" na atafika salama. Sinema ya 1996 ilipotoka, Adam Clayton na Larry Mullen wa bendi ya U2 waliunyoosha ukawa wa pigo nne ili uchezeke disko. Ulichezeka kweli. Ila ule wasiwasi wa mtu anayefukuzwa na saa ukatoka, na sinema zilizofuata zikaendelea kuutafuta mwendo wa tano.

Mwanakwaya
Sawa, Schifrin nawaachia. Lakini kwa Bond nauliza hivi: kama Barry ndiye mwenye uchawi, mbona alikubali jina la mwingine?

Mzee wa Sinema
Kwa sababu mkataba wa muziki wa Dr. No ulikuwa wa Norman, na Barry aliitwa dakika za mwisho. Kilichomlipa hasa ni kilichofuata, akapewa sinema 11 za Bond, na albamu ya Goldfinger ikashika namba moja Marekani mwaka 1965. Ni kama mpiga solo wa bendi zetu za dansi: wimbo una jina la mwenye mashairi, watu wanasubiri chemko lake. Na tusilisingizie jopo la 2001. Liliulizwa kama gazeti lilimkashifu Norman. Halikuulizwa watu wanapenda nini.

Kinanda
Kwa wanaotaka kuupiga hadi mwisho, msiharibu kodi ya kumalizia. Gitaa: uzi wa sita wazi, wa tano freti ya 2, wa nne freti ya 1, wa tatu na wa pili wazi, wa kwanza freti ya 2. Ipitishe piki polepole kutoka juu kwenda chini, kisha acha ilie yenyewe. Wengi huuacha uzi wa nne wazi kwa uvivu, wanapata D badala ya D iliyopandishwa, na kodi inatoka tamu kama ya wimbo wa harusi.

Mwanakwaya
Nimeijaribu kwenye piano sasa hivi. E, G, B, D iliyopandishwa, F iliyopandishwa. Hiyo D inachoma.

Kinanda
Sasa itafute kwenye chafya.