Mama yuko Marekani, anameza Panadol alizobeba Mwanza na Tylenol ya huko. Zinagongana?

DadaWaMwaloni
Shikamooni wakubwa. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mama yangu ana miaka 68, tangu Machi yuko Minnesota kwa kaka. Kaka anatoka alfajiri kwenda kazini, mama anashinda peke yake na Kiingereza hajui. Likimfika jambo ananipigia mimi.

Magoti yanamsumbua siku nyingi. Aliondoka na Panadol, anameza mbili asubuhi, mchana na jioni. Wiki iliyopita kaka akamnunulia Tylenol, juzi akabanwa na mafua akaongezewa dawa ya maji. Zote anameza. Nikimwambia apunguze ananijibu, "Mwanangu, hii ya Wazungu, ile ya kwetu, kila moja na kazi yake." Amenitumia picha ya chupa ya Tylenol WhatsApp, imeandikwa acetaminophen 500 mg. Mtandaoni huyu anasema haina shida, yule anasema inaua ini. Siku ya pili hii sijalala.

Famasi_Nyegezi
Dada, hazigongani kwa sababu ni dawa ileile. Wamarekani wanaita acetaminophen, sisi tunaita parasetamoli. Panadol na Tylenol ni majina ya biashara tu. Na dawa nyingi za mafua za kule zina hiyohiyo ndani, kaka asome nyuma ya chupa panapoandikwa "Active ingredients".

Panadol zake peke yake ni miligramu 3,000 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya asivuke 4,000 ndani ya saa 24, na wazee mara nyingi hupangiwa chini ya hapo. Ini huweza kuharibika mtu akijiona mzima kabisa. Tylenol anameza ngapi?

DadaWaMwaloni
Mbili mara tatu. Siku tano sasa.

Famasi_Nyegezi
Basi ni 6,000 kabla hatujagusa ya mafua. Aache zote sasa hivi. Usingoje kaka atoke kazini, mpigie.

AliyerudiIgoma
Nimeishi Columbus, hukohuko Marekani, miaka sita. Kaka apige 1-800-222-1222, ni simu ya masuala ya sumu, bure, usiku na mchana. Mama akipiga mwenyewe aseme "Swahili", wanaunganisha mkalimani. Hospitalini pia mkalimani ni bure, mimi nilikuwa naona aibu kuomba, nikaitikia "yes" kwa vitu nisivyovielewa. Kwa kusoma, tovuti ya afya ya MedlinePlus ina kurasa za Kiswahili.

Na programu za kutafsiri msiziamini kwenye saa. Shangazi yangu aliandikiwa dawa ya presha 10 PM, simu ikamtafsiria "saa 10 usiku". Mwezi mzima akawa anaamka saa kumi alfajiri kumeza dawa ya saa nne usiku!

DadaWaMwaloni
Mungu awabariki. Kaka aliomba ruhusa, wakapiga, wakaambiwa wampeleke mama hospitali akapimwe damu. Ini liko salama. Walimpa mkalimani, mama wa Kikongo, Kiswahili chake kina Kifaransa kidogo lakini walielewana, mama anamtaja kila tukiongea.

Panadol kaka amezitoa kwenye mkoba wa mama. Tumekubaliana kila dawa mpya anipigie picha kabla hajameza, hata kama huku ni saa tisa usiku.