Interlukini-2 hukuza seli T: mbona panya waliokosa molekuli hiyo wana seli T nyingi kupita kiasi?

Mwanafunzi wa Kinga:
Ndugu wanajukwaa, interlukini-2, molekuli ambayo seli za kinga hutumia kuwasiliana, iligunduliwa mwaka 1976 katika maabara ya Robert Gallo nchini Marekani, na mwanzoni iliitwa kichocheo cha ukuaji wa seli T (aina ya chembe nyeupe za damu za kinga), kwa kuwa iliwezesha seli hizo kuishi na kugawanyika kwenye vyombo vya maabara kwa muda mrefu. Nilitarajia basi kwamba panya walioondolewa jeni yake wangepungukiwa seli T. Kumbe panya hao, walioelezwa miaka ya mwanzo ya 1990, huvimba wengu na matezi, na utumbo wao mpana hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Kichocheo cha ukuaji kinakosekanaje, halafu ukuaji ukapita kiasi?

Mzee wa Darubini:
Swali lako liliwasumbua watafiti kwa miaka mingi. Maelezo yaliyotangulia yalikuwa kwamba interlukini-2 huiandaa seli T kufa: seli iliyokwisha kuchochewa nayo, ikikutana tena na antijeni (kitu kinachotambuliwa na kinga) kwa nguvu, hupokea amri ya kujiua kupitia kipokezi kiitwacho Fas. Njia hiyo ipo kweli, hata kwa binadamu, kwani watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya Fas huvimba matezi na wengu kwa muda mrefu, na chembe zao za damu huweza kushambuliwa na kinga yao wenyewe.

Hata hivyo, sidhani kwamba hilo ndilo jibu kuu. Panya asiye na kipokezi cha interlukini-2, ambaye huugua vivyo hivyo, akiwekewa seli T chache za udhibiti, yaani zinazotuliza seli nyingine za kinga, kutoka kwa panya mzima, ugonjwa huzuilika. Kama kasoro ingekuwa tu katika uwezo wa kila seli kufa, wageni hao wachache wasingeweza kuwatuliza wenyeji. Seli za udhibiti, ambazo mtafiti wa Japani Shimon Sakaguchi alizieleza mwaka 1995, hazitengenezi interlukini-2 ya kutosha. Huitegemea ile inayotolewa na jirani zao, na ikikosekana hudhoofika, na breki ya mfumo mzima ikalegea.

Daktari wa Bara:
Naongeza jambo moja ambalo Mzee hakuligusa. Seli nyingi hazifi kwa amri ya Fas. Hufa kwa kunyimwa. Maambukizi yakiisha, saitokini (molekuli za mawasiliano ya kinga kama interlukini) hupungua, protini ya Bcl-2 inayolinda seli hushuka, na Bim inayoua hupata nafasi. Seli chache za kumbukumbu hubaki zikitunzwa na interlukini-7 na interlukini-15.

Kwetu tunaohudumia watu wenye VVU, yako mafunzo makubwa zaidi katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009, ambamo wagonjwa zaidi ya 5,000 walishirikishwa. Waliopewa interlukini-2 pamoja na dawa za kufubaza virusi walipanda CD4 (hesabu ya seli T ambazo VVU huzishambulia) kuliko wenzao, lakini hawakupungukiwa magonjwa nyemelezi wala vifo. Tangu hapo naisoma namba ya CD4 kwa tahadhari, kwani wingi wa seli si sawa na uwezo wake wa kupigana.

Mwanafunzi wa Kinga:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Je, ndiyo sababu dawa hiyo hiyo hutolewa kwa dozi kubwa kwa saratani ya figo, na kwa dozi ndogo hujaribiwa katika magonjwa ya kinga kujishambulia?

Mzee wa Darubini:
Ndiyo. Seli za udhibiti zina kipokezi kamili chenye minyororo mitatu, hivyo hunasa hata kiasi kidogo kabla seli nyingine hazijakihisi. Dozi kubwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani hiyo, huzifikia hata seli zenye kipokezi cha minyororo miwili, zikiwemo zinazoua uvimbe. Lakini pia huifanya mishipa ya damu ivujishe maji, na ndiyo maana mgonjwa hulazwa chini ya uangalizi mkali.