Naomba ushauri: binti yangu aanze Aljebra darasa la nane au asubiri?

Ndugu zangu, hasa mnaosomesha watoto huku Marekani, naombeni mnishauri. Tuko Texas. Binti yangu yuko darasa la saba na tumeletewa fomu ya masomo ya mwakani. Anaruhusiwa kuanza Aljebra ya kwanza darasa la nane badala ya la tisa. Nimepiga hesabu: akianza mapema, la tisa ni jiometri, la kumi Aljebra ya pili, na la kumi na mbili anafika kalkulasi (calculus, hesabu ya juu inayohitajika kwenye uhandisi) bila kurundika kozi mbili za hesabu mwaka mmoja. Anataka uhandisi, kwa hiyo natamani sana. Lakini sehemu na namba hasi bado zinamsumbua, na mimi naogopa kupandisha ukuta juu ya msingi wenye nyufa.

Halafu kuna kuchagua lugha ya kigeni ya kusoma, Kihispania au Kifaransa. Kihispania atakisikia mtaani kila siku. Kifaransa ndicho wanachosomea binamu zake Lubumbashi, Kongo. Moyo wangu uko kwa Kifaransa.

Mliopitia haya, mtoto akiyumba mlifanyaje? Mazoezi ya likizo yalitosha? Na alama za darasa la nane ziliingia kwenye rekodi yake ya sekondari? Fomu inarudishwa Ijumaa.