Mrejesho: Nicodemus, mji wa watu walioachwa huru

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini Nicodemus, mji wa jimbo la Kansas, Marekani, ulioanzishwa 1877 na Weusi waliotoka utumwani Kentucky, ulidorora. Asanteni kwa majibu. Nimechimba zaidi.

Mimi nilidhani ni ukame tu. Ukame ulikuwepo, lakini pigo kubwa lilikuwa reli. Mwaka 1888 njia ilipitishwa kusini, ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Mkuu aliyetaja reli, ulipatia.

Kilichonigusa zaidi ni mwanzo wenyewe. Watu walishuka treni Ellis, wakatembea zaidi ya kilomita 50 nyikani. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878 akauliza mji uko wapi. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini! Watu waliishi kwenye mashimo, maana miti ya kujengea haikuwepo. Akalia. Nani asingelia, baada ya matangazo matamu ya madalali wa viwanja?

Majira ya baridi ya kwanza, Wahindi Wekundu wa Osage waliwagawia chakula.

Nyongeza: tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, na bado lina wakazi wachache.